Msumeno Uliobaki Msimbu

Rehema mwanangu, juzi uliponipigia simu kuuliza msumeno mdogo wa chumba cha anatomia nilichokukabidhi uko wapi, nilikujibu kwamba ni habari ndefu, ukasema basi niandike. Nimeandika. Penye kutoeleweka kosa ni langu, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na ninayoyaandika kila jioni kabla ya kulala hayajawahi kusahihishwa na mtu. Wasomee na wenzako hapo chuoni. Kwa kifupi, msumeno uko Msimbu, Kisarawe, kwa mzee mmoja. Hakuuiba. Naomba hilo lieleweke mapema.

Mimi niliingia chuo kile cha Kibaha kama mfagiaji. Siku ya kwanza nilielekezwa chumba cha mwisho, jengo la nyuma. Nikafungua mlango, nikamkuta mwanamume mzima amekaa kwenye kigoda, kichwa cha ng'ombe amekibana kwa magoti, anakikata kwa msumeno huku amefumba macho.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

"Marahaba. Funga mlango, nzi wanaingia. Halafu njoo ushike pembe hii."

Nikashika. Nadhani hivyo ndivyo nilivyohamishwa kitengo, maana barua sikuiona mpaka baadaye sana.

Huyo alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, mhudumu wa chumba kile. Kazi yake ilikuwa kutoa ubongo wa ng'ombe na mbuzi ukiwa mzima ili wanafunzi wa utabibu wauone. Aliniambia kwamba alifumba macho ili asikie. Mfupa wa juu unalia kwaru kwaru. Ukikaribia ndani sauti inalegea, inakuwa kama unakata muhogo. Hapo unaacha msumeno, unachukua patasi, unaiingiza kwenye mkato na kuizungusha taratibu mpaka usikie "ta". Ukipitiliza, umechana utando. Shoka alilikataza kabisa. Alisema shoka halijui kusimama.

Akanifundisha pia kwamba ubongo mbichi ni laini kuliko mtu anavyofikiri. Ukiulaza kwenye ndoo ya dawa ya kuhifadhia utakaza ukiwa bapa, kama andazi lililokaliwa. Unapitisha uzi chini ya mshipa ulioko upande wake wa chini, unafunga uzi kwenye kijiti, kijiti unakilaza mdomoni mwa ndoo, ubongo unaning'inia kichwa chini mpaka ukaze. Nimewahi kujaribu njia nyingine niliyodhani ni bora. Wanafunzi wa mwaka ule walisoma andazi.

Sasa hayo mambo yenyewe ya ndani nayaeleza kwa jinsi nilivyoyaelewa, na Madam Kimaro, mwalimu wetu wa anatomia, atanisahihisha kama kawaida yake. Chini ya mfupa kuna tando tatu. Wa kwanza ni mgumu, mweupe, umeshika mfupa, wanauita dura. Wa pili ni mwembamba kama wa buibui, ni araknoidi. Wa tatu umeganda kwenye ubongo wenyewe, unaingia mpaka kwenye mikunjo, unaitwa pia. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayeuliza, "Pia na nini tena?" na kila mwaka anadhani ni wa kwanza kuuliza. Kati ya utando wa pili na wa tatu kuna maji. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne, navyo vina maji. Mimi upande wa maji sijawahi kuwa na uhakika nao. Nimeusikia ukifundishwa miaka yote nikiwa nimeshika sinia, na kila nikidhani nimeushika, unaniponyoka. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

Mzee Ngonyani alipostaafu aliniachia msumeno, patasi na jina. Jina ni Mama Vichwa. Nyumbani naitwa Mama Neema, lakini ukipanda gari na ndoo inayotoa pembe mara mbili tatu, hakuna atakayeuliza mtoto wako anaitwa nani.

Vichwa nilivichukua kwa Massawe wa bucha. Massawe ni mtu mwema, nasema hivyo kwa sababu wanafunzi walimsema vibaya. Alikuwa anauza supu ya kichwa asubuhi, na kila kichwa alikipiga shoka mara mbili, pa, pa, kikawa vipande viwili.

"Niachie kimoja kizima," nilimwambia.

"Mama Vichwa, wateja wangu wanataka waone ubongo kwenye bakuli. Wewe unataka ubongo usiguswe. Hebu niambie, nimsikilize yupi?"

"Wateja," nikasema, maana ndiyo haki. Akacheka, akaniachia kimoja. Tukaendelea hivyo miaka mingi, mpaka vichwa vilipoanza kuja vimeshapasuliwa hukohuko machinjioni, na hata Massawe mwenyewe akawa hana la kufanya.

Ukame huo wa vichwa ulitukuta wakati mbaya. Alikuwepo mwanafunzi anaitwa Zuhura, mtoto wa Msimbu. Mikono yake ilikuwa mizuri. Sindano yake wagonjwa walisema hawaisikii. Tatizo lilikuwa mdomo. Ukimweka mbele ya mtahini anatazama ukuta, kama anasubiri ukuta umjibie. Alikuwa ameshafeli mtihani wa mdomo wa mambo ya ubongo, akapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu ilikuwa karibu. Akifeli tena anadisko, anafunga begi, anarudi nyumbani. Mtahini alikuwa anatoka nje ya chuo, kwa hiyo hata huruma ya Madam Kimaro isingesaidia. Na kwa kusema kweli, Madam Kimaro hana huruma ya aina hiyo.

Zuhura akanifuata chumbani kwangu, macho mekundu.

"Mama, hizi tando nazijua nikiwa peke yangu. Nikiulizwa zinachanganyika."

"Umeshaziona?"

"Kitabuni. Wa kwanza wameupaka bluu, wa pili njano, wa tatu nyekundu. Nikifikiria naona bendera."

Tulikuwa na ubongo wa plastiki, lakini tando zake zilipotea kabla sijaajiriwa, na ndani ya vyumba vyake mtu alikuwa anahifadhi pini. Madam Kimaro akasema, "Mama Neema, tafuta kichwa kizima popote kilipo. Huyu binti akiona kitu chenyewe kwa macho yake atasema." Mimi nikasema sawa, huku nikijua sina pa kukitafuta.

Zuhura mwenyewe ndiye aliyepajua. "Mama," akasema, anatazama chini, "kwetu Jumamosi kuna akika ya mtoto wa dada. Kichwa cha akika hakipasuliwi."

"Hakipasuliwi kabisa?"

"Kabisa."

Mimi ni Mlutheri wa Upareni. Akika nimealikwa mara nyingi, pilau yake naijua, sababu zake sikuwahi kuuliza. Nilisikia neno "hakipasuliwi", moyo ukaruka, sikungoja mengine. Jumamosi nikatia kwenye ndoo msumeno, patasi, uzi na dawa, tukashuka Kisarawe mjini, tukachukua bodaboda mpaka Msimbu.

Tulifika wanawake wako uani wanachambua mchele. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, anachunwa. Mbele ya nyumba, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Babu Mwinshehe, babu yake Zuhura, mzee sana, hana jino hata moja na masikio mazito. Nikampa shikamoo mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Marahaba mwanangu, marahaba. Huo msumeno, wewe ni seremala?"

"Hapana babu. Ni wa kupasulia kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mbuzi, babu. Huyu wa leo."

Mchele ukaacha kuchambuliwa. Aliyekuwa anachuna akasimama na kisu hewani. Zuhura akanivuta khanga.

"Mama, si ungenyamaza! Tungekibeba kizima tukapasulie Kibaha."

"Kwani kuna nini?"

"Mbuzi wa akika mifupa yake haivunjwi. Anakatwa kwenye viungo tu. Ndivyo mtoto anavyoombewa awe mzima. Kila mtu anajua!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia hakipasuliwi!"

Ni kweli, alikuwa ameniambia.

Wanafunzi waliposikia baadaye walinicheka kwamba ningenyamaza, kichwa kingesafiri, na mambo yangekwisha. Inawezekana. Lakini nilikuwa nimeshajua, na mwenye mbuzi alikuwa ananitazama. Nikamweleza babu yote: sapu, mtahini, bendera, na kwamba mjukuu wake akishindwa safari hii anarudishwa nyumbani moja kwa moja.

"Kwa hiyo," akasema, "unataka kuvunja kichwa cha mbuzi wa kitukuu changu, ili mjukuu wangu afaulu."

"Ukilisema hivyo babu linakuwa baya."

"Limekuwa baya kabla sijalisema. Halafu huo ubongo ni wangu. Hapa kila mtu ana meno isipokuwa mimi. Kichwa kikishaiva wananichokolea na kijiko, kwa nyuma, kwenye tundu la shingo. Hakivunjwi na ninakula. Kwani humo ndani kuna nini hasa, mpaka mtoto afukuzwe shule?"

Nikaanza kumweleza. Tando tatu nilizimaliza salama. Nikafika kwenye maji. Nikasema maji yanatoka nje, yanapenya tando, yanaingia vyumbani, yanajaa...

"Hapana, mama," akasema Zuhura.

Hapa naomba nieleweke. Watu wameshaeneza pale chuoni kwamba nilikosea makusudi ili binti azungumze. Madam Kimaro mwenyewe alinipongeza kwa hekima. Nilimwambia ukweli, hakuniamini, na sasa naandika: sikukosea makusudi. Nilikuwa sijui.

"Hapana," Zuhura akaendelea, "maji yanatengenezwa humohumo ndani. Babu, chukulia kama nyumba hii..."

"Sema kwa sauti, sikusikii."

"CHUKULIA KAMA NYUMBA HII, BABU! Vyumba viwili vikubwa, kimoja kulia, kimoja kushoto. Vyote vinafungukia ukumbini. Ukumbi ndio chumba cha tatu, chembamba. Ukumbini kuna ujia mdogo sana unakwenda nyuma, unatokea uani. Uani ndio chumba cha nne."

"Na maji?"

"Kila chumba kina vishada vya mishipa vinatoa maji. Yanatoka vyumbani, yanapita ukumbini, yanapita ujia, yanafika uani. Uani kuna vitundu. Yanatoka hapo, yanazunguka nyumba yote kwa nje, chini ya utando wa buibui. Ubongo unaelea."

"Unaelea! Halafu yanaishia wapi? Maji lazima yaishie mahali."

"Yanapanda juu ya paa, yanaingia kwenye mshipa mkubwa ulioko ndani ya ule utando mgumu, yanarudi kwenye damu."

"Hebu rudia. Kutoka ukumbini."

Akarudia kwa kelele. Babu akasikia nusu, akataka tena. Akarudia. Wanawake wa uani walikuwa wameshahamia mbele na sinia zao. Nikamtazama Zuhura: hakuwa anatazama ukuta. Na ukuta wa nyumba ulikuwepo palepale, nyuma ya babu.

"Na ule ujia ukiziba?" akauliza babu.

"Maji yanajaa vyumbani. Kwa mtu mzima kichwa kinauma mpaka anatapika. Kwa mtoto mchanga kichwa kinavimba, kinakuwa kikubwa."

Wote tukageuka kumtazama mtoto wa akika. Alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake na kilemba kipya, na kichwa chake, kwa kuwa ndicho kimekuwa mada, kilionekana kikubwa sana.

"Zuhura!" akalia dada yake. "Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu, dada. Mlete." Akamvua kilemba, akaweka kidole utosini polepole. "Tazama, utosi umelala, unapumua vizuri, haujavimba. Na hapa, weka kidole. Unasikia ufa? Mifupa ya kichwa chake bado haijashikana. Imekutana tu, ili kichwa kikue."

Dada akaweka kidole. Akaweka mama yake. Akaweka yule mwenye kisu, baada ya kufokewa akanawe kwanza. Babu akaweka wa mwisho, akakaa na kidole pale muda mrefu.

Nilimwona Zuhura akipata wazo. Sikujua ni lipi.

"Babu," akasema, "na mbuzi anao. Huyu wa leo bado mdogo. Mifupa ya kichwa chake imeshonana kwa mishono kama hii. Tukifungulia kwenye mshono hatuvunji mfupa. Ni kiungo."

"Kiungo? Kichwani?"

"Kiungo, babu."

Aliyechinja alikuwa mwalimu wa madrasa pale kijijini. Akaitwa, akaelezwa, akapapasa kichwa cha mbuzi pande zote. "Mimi huku sijawahi kutafuta kiungo," akasema. "Kwenye mguu nakijua. Lakini kama wao wanakiona, wakioneshe, na wakifungue bila kuvunja."

"Basi," babu akasema, "msumeno nipe mimi. Ukibaki nao karibu, kazi ikikuchosha utaushika."

Nikampa. Alikuwa ananijua vizuri kuliko nilivyodhani, maana kabla ya adhuhuri nilishautamani mara kadhaa.

Rehema, kufungua kichwa cha mbuzi kwenye mishono kwa patasi na mpini wa kijiko si kazi ya kumshauri mtu. Unamwagia maji ya moto, unasukuma, unangoja, unasukuma. Watu walisali, wakala, wakasomea mtoto dua, mimi na Zuhura tuko palepale na ndoo yetu. Mara moja nilisikia kitu kinalia "ka". Nikainua mikono juu.

"Nimesikia mlio," nikatangaza.

Wakaja wote, wakainama. Mwalimu wa madrasa akapapasa. Ikagundulika ni shangazi yake Zuhura, amekanyaga ganda la korosho. Tukaendelea.

Kifuniko cha fuvu kilipoachia, watu walikuwa wameshaanza kukwangua ukoko wa pilau. Dura ilikuwa imechanika kidogo upande mmoja, pale iliposhika mshono, na hiyo ni mikono yangu, si ya Zuhura. Kwingine kote ilikuwa nzima, nyeupe, nene kama karatasi ya mfuko wa saruji iliyolowa. Zuhura akaikata kwa mkasi, akaikunjua. Chini yake utando wa buibui ukang'aa, akauinua kwa ncha ya kibano kama unavyoinua utando wa maziwa yaliyochemka. Maji yakachuruzika kwenye sinia, meupe, safi.

"Si bluu," akasema kwa sauti ndogo. "Mama, hakuna hata mmoja wa bluu."

Babu akasogeza kiti. "Ndiyo hayo maji?"

"NDIYO HAYO, BABU."

"Mbona ni maji tu?" Akayatazama. "Na mimi nimeyanywa umri wote huu."

Ubongo ule hakuula. Aliutoa kwa mjukuu wake mbele ya watu, akapewa maini, akayatafuna kwa fizi akiwa na msumeno mapajani. Mimi nikapitisha uzi chini ya mshipa, nikautundika kwenye ndoo, na ile dura nikaitia humohumo, tukarudi Kibaha. Ule msumeno niliukumbuka tukiwa njiani.

Siku ya sapu nilikuwa ndani ya chumba, kwa sababu mtu wa kushika sinia lazima awepo. Haruhusiwi kusema wala kuonesha kwa macho. Mtahini alikuwa kijana nadhifu, tai imenyooka, sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Zuhura akaingia, akasalimia, akatazama ukuta.

"Tuanze na tando za ubongo," akasema mtahini. "Kutoka nje kwenda ndani."

Kimya. Nikatazama sinia. Nilitamani kukohoa, ila sikukohoa.

"Tando za ubongo," akarudia.

Midomo ya Zuhura ikacheza. Kikatoka kitu kidogo kama upepo.

Mtahini akainama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Samahani, sijasikia."

Sijui ni kile kiganja au ni lile neno. Zuhura akageuka kutoka ukutani, akamtazama usoni, akavuta pumzi.

"WA KWANZA NI HUU MGUMU, BABU! UMESHIKA MFUPA!"

Kalamu ya mtahini ikaanguka. Zuhura hakukoma. Akachukua kibano, akaonesha dura na pale nilipoichana, akainua araknoidi, akaonesha pia ilivyozama kwenye mikunjo, akaukata ubongo katikati na kuingia vyumbani, kulia, kushoto, ukumbini, ujiani, uani, vitundu, paani, damuni, yote kwa sauti ya kumfikia mtu wa Msimbu mwenye masikio mazito. Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wamejaa. Mtahini alijaribu swali moja tu katikati.

"Na ule ujia ukiziba?"

"HATA WEWE BABU UNAULIZA HILO!"

Alipomaliza ndipo Zuhura alipogundua alichokuwa anakisema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, na moja ilikuwa na kibano.

Mtahini akaokota kalamu. Umri wake nadhani haukufika arobaini. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Umefaulu. Mwite anayefuata, taratibu."

Baada ya matokeo tulirudi Msimbu, mimi na Zuhura, kushukuru na kuchukua msumeno. Tulimpelekea babu kichwa cha ng'ombe alichotupatia Massawe, kimepasuliwa lakini ubongo wote umo. Akakitazama, akatikisa kichwa.

"Wapeni wengine. Mimi nimeshindwa. Kila nikishika kijiko namsikia huyu: ukumbini, babu, uani, babu. Naona kama ninakula nyumba ya watu."

Kwa hiyo nikiwa mkweli, mimi niliokoa masomo ya mtoto mmoja na kumharibia mzee mmoja chakula alichokipenda. Sijui mzani unalala upande gani. Msumeno niliuona umetundikwa kwenye mkorosho, mpini unang'aa kwa kutumiwa.

"Babu, huo ni mali ya chuo."

"Na Zuhura ni mali ya nani?"

"Ya kwenu, babu."

"Basi nyinyi mna mtoto wangu, mimi nina msumeno wenu. Mkinirudishia, nami narudisha."

Niliona ni haki. Nikangoja. Zuhura alimaliza masomo, akapangiwa zahanati ya Marui, hukohuko Kisarawe. Wiki moja kabla sijakabidhi chumba kwako nilipanda bodaboda mpaka Msimbu, nikampa babu shikamoo mara mbili, nikamkumbusha ahadi.

"Marahaba," akasema. "Zuhura yuko wapi?"

"Marui, babu. Anatibu watu."

"Hapa ni Marui?"

"Hapana, babu. Ni Msimbu."

"Basi bado hamjanirudishia," akasema, akaendelea kukata tawi lake la mkorosho.

Nimelifikiria sana hilo jibu, Rehema, na sijaona kosa ndani yake. Omba chuo kinunue msumeno mwingine, au mwombe mganga mkuu wa wilaya amhamishie Zuhura Msimbu. La pili nadhani litachukua muda mfupi zaidi.